Damu ya Kisigino na Magonjwa ya Umetaboli ya Kurithi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Mombasa

Ukurasa huu unaeleza kipimo cha tone la damu ya kisigino cha mtoto mchanga na magonjwa ya kurithi kinachoyatafuta, na ni wa wazazi, mabibi, manesi na wakunga wa Mombasa na vitongoji vyake. Maswali yamefuatana jinsi yanavyokuja kwenye mabenchi ya kliniki. Ikiwa mtoto wako hajatimiza mwezi, amekataa kunyonya na haamki hata ukimchokoza, usiendelee kusoma. Mpeleke hospitali sasa hivi.

Magonjwa haya ni yapi hasa?

Ni magonjwa ambayo mtoto huzaliwa nayo kwa sababu kimeng'enya fulani hakimo mwilini, au kimo lakini ni dhaifu. Vimeng'enya ndivyo vinavyovunja protini, mafuta na sukari ya maziwa ili mwili upate nguvu. Kimoja kikikosekana, kile kilichotakiwa kuvunjwa hujilimbikiza mpaka kikawa sumu, au kile ambacho mwili unakihitaji hakitengenezwi. Kila ugonjwa peke yake ni nadra sana. Lakini aina zake ni mamia, na ukizijumlisha hupati tena kitu cha kupuuza katika mji wenye wodi za uzazi zinazojaa kama zetu.

Aliyeanza kuyaona kama kundi moja ni daktari Mwingereza, Archibald Garrod. Mwaka 1902 aliandika kuhusu alkaptonuria, ugonjwa unaofanya mkojo ugeuke mweusi ukikaa, akagundua kwamba wagonjwa wengi kupita kiasi walikuwa watoto wa mabinamu waliooana. Habari ya mabinamu tutaifikia.

Mtoto alizaliwa na uzito mzuri, akalia, akanyonya. Siku ya tatu amelegea. Imekuwaje?

Akiwa tumboni, taka zake huvuka kondo la nyuma na kushughulikiwa na mwili wa mama. Kitovu kikikatwa, msaada huo umekwisha. Anaanza kunyonya, protini na sukari ya maziwa zinaingia, na kimeng'enya hakipo. Ndiyo maana wengi wao huzaliwa bila dosari yoyote, kisha baina ya siku ya pili na ya tano hukataa titi, hutapika, hupumua haraka ingawa kifua ni safi, hulegea, halafu degedege huingia.

Mtoto mchanga akikakamaa na kugeuza macho katika mitaa yetu, wa kwanza kufika atasema ni nyuni. Kombe litaandikwa, ubani utachomwa, na siku itapita. Hatumkatazi mtu dua. Dua inasomeka hata ndani ya tuktuk mnapokwenda hospitali.

Hospitalini nako kuna mtego wake. Mtoto wa siku nne aliyelegea hudhaniwa kwanza kuwa na maambukizi ya damu, na mara nyingi dhana hiyo ni sahihi. Antibayotiki lazima zianze bila kungoja. Tatizo ni pale dhana hiyo inapofunga mlango wa nyingine, kwa maana mtoto anaweza kuwa na vyote viwili. Mwenye galaktosemia, yaani asiyeweza kuvunja sukari itokanayo na maziwa, kwa mfano, hushambuliwa kwa urahisi na bakteria aina ya E. koli, kwa hiyo kipimo cha maambukizi kikitoka na jibu la ndiyo, ugonjwa wa chini bado unaweza kuwa umejificha. Mzazi ana haki ya kuuliza kwa adabu: "Daktari, sukari, amonia na asidi ya damu zimepimwa?" Amonia ni sumu itokanayo na protini inapovunjwa.

Na mama akisema nepi inanuka, asichekwe. Kuna ugonjwa ambao mwili hushindwa kuvunja asidi amino (vipande vya protini) tatu, lusini ikiwemo, na mkojo hunuka sukari iliyoungua, kama shira ya kaimati iliyosahauliwa jikoni. Mwingine, asidemia ya isovaleriki (asidemia ni asidi kujilimbikiza kwenye damu), humfanya mtoto anuke jasho la miguu. Pua ya mama imewahi kutangulia maabara.

Je, watoto wote wanaozaliwa Mombasa hupimwa?

Hapana. Kenya haina mpango wa taifa unaompima kila mtoto mchanga magonjwa ya umetaboli. Akizaliwa hupata BCG na matone ya polio, hukaguliwa, kijitabu cha mama na mtoto hujazwa, kisha miadi ya chanjo inayofuata huwa ni wiki ya sita. Katikati hapo ndipo magonjwa haya hufanya kazi yake yote.

Baadhi ya hospitali za binafsi huweza kuchukua damu na kuituma maabara kubwa, mara nyingi nje ya nchi, kama Afrika Kusini, India au Ujerumani, mzazi akiomba na kulipa. Uliza kabla ya kujifungua. Uliza pia majibu huchukua muda gani, maana jibu linalorudi baada ya wiki tatu halimsaidii sana mtoto ambaye angeugua siku ya nne.

Watu husema sisi hatuna uwezo wa jambo hili. Ni kweli?

Nusu tu. Spektrometa, mashine inayopima kemikali za damu, ni ghali na inahitaji fundi na umeme usiokatika. Lakini kuchukua damu ya kisigino kwenye karatasi, kuikausha na kuisafirisha, hilo Kenya inalijua kwa miaka mingi: watoto wa akina mama wanaoishi na virusi vya Ukimwi hupimwa hivyohivyo, na bahasha za karatasi hizo husafiri kutoka zahanati za mbali hadi maabara kila wiki. Nesi wa Likoni au Mariakani hahitaji kufundishwa upya jinsi ya kutoboa kisigino. Kinachokosekana zaidi ni mpangilio wa siku: nani amchukue mtoto damu siku ya pili au ya tatu wakati mama ameshatoka wodini, na nani ampigie simu jibu likiwa baya. Kwa maoni yetu nchi itakayonunua mashine kabla ya kujibu maswali hayo mawili itakuwa imenunua pambo.

Kipimo hiki cha kisigino kilianzaje?

Kilianza na ugonjwa mmoja, fenilketonuria. Mwaka 1934 mama mmoja wa Norway, aliyechoka kuambiwa watoto wake wawili wamezaliwa tu na akili pungufu, alimfikia daktari Asbjørn Følling. Følling alitia kloridi ya chuma kwenye mkojo wao, ukageuka kijani. Ikafahamika kwamba asidi amino iitwayo fenilalanini haikuwa ikivunjwa, ikawa inaharibu ubongo. Mwaka 1953 Horst Bickel na wenzake huko Birmingham walionyesha kwamba mtoto akilishwa chakula chenye fenilalanini kidogo hupata nafuu. Lakini ubongo ulioharibika haurudi. Ilibidi mtoto apatikane mapema, kabla ya dalili.

Hapo ndipo anapoingia Robert Guthrie wa Marekani, aliyekuwa na mtoto mwenye ulemavu wa akili na mpwa mwenye fenilketonuria. Alibuni njia ya kupima tone la damu lililokaushwa kwenye karatasi. Kipande cha karatasi huwekwa juu ya bakteria waliozuiwa kukua, na damu yenye fenilalanini nyingi huwaruhusu kukua, hivyo duara la bakteria likionekana ndilo jibu. Alichapisha njia hiyo mwaka 1963 pamoja na Ada Susi, na mwaka huohuo jimbo la Massachusetts likaifanya kuwa sheria. Uingereza ilianza kuwapima watoto wote mwaka 1969. Hadi leo kadi hiyo katika nchi nyingi huitwa kadi ya Guthrie.

Tunaongeza kwamba fenilketonuria yenyewe imeenea zaidi Uturuki na Ireland kuliko kwa watu weusi wa Afrika. Kwa hiyo mpango wa Mombasa usinakiliwe tu kutoka Ulaya.

Mashine mpya zinafanya nini ambacho Guthrie hakuweza?

Guthrie alihitaji kipimo kimoja kwa ugonjwa mmoja. Spektrometa ya masi ya hatua mbili, iliyoanza kutumika kwa kazi hii katika miaka ya 1990, hupima asidi amino na asilkarnitini kadhaa kwa pamoja, kutoka kidoti kimoja cha damu, kwa dakika mbili au tatu. Asilkarnitini ni mabaki ya mafuta na asidi yaliyofungwa kwenye karnitini, kibebeo cha mafuta mwilini, na urefu wa kila baki huonyesha hatua iliyokwama. Kwa njia hii magonjwa zaidi ya 40 huweza kushukiwa mara moja, yakiwemo ya kushindwa kutumia mafuta ambayo zamani yalihesabiwa kama vifo vya ghafla vya usingizini.

Mashine ina upofu wake. Hutambua molekuli kwa uzito, na lusini, isolusini na haidroksiprolini zina uzito unaolingana, kwa hiyo mtoto mwenye haidroksiprolini nyingi, hali isiyo na madhara, huweza kudhaniwa ana ugonjwa wa sukari iliyoungua. Maendeleo makubwa ya miaka ya karibuni yako hapa: kidoti cha pili cha kadi ileile hupimwa kwa njia nyingine inayotenganisha molekuli hizo kabla mzazi hajapigiwa simu. Familia nyingi zimeepushwa usiku wa bure wa kilio. Aidha siku hizi vimeng'enya vyenyewe hupimwa kwenye damu iliyokauka, na Taiwan ilianza mwaka 2005 kuwapima watoto wachanga ugonjwa wa Pompe, unaodhoofisha moyo na misuli.

Damu ichukuliwe lini?

Kati ya saa 24 na 72 baada ya kuzaliwa katika nchi nyingi. Uingereza hungoja siku ya tano. Ikichukuliwa mtoto akiwa na saa chache tu, hajanyonya vya kutosha na sumu bado haijapanda, hivyo jibu zuri linaweza kuwa la uongo. Damu ya kitovu nayo haifai kwa magonjwa mengi ya kundi hili, kwa sababu hiyo hiyo.

Kwetu, mama aliyejifungua salama huruhusiwa kwenda nyumbani mapema, halafu huingia arubaini na hatoki. Suluhisho la karibu ni mkunga au mhudumu wa afya ya jamii kuja nyumbani. Nyanya akikataza mtoto asitobolewe kisigino kabla ya arubaini kwisha, mwambieni kwa upole kwamba tone hilo halimpunguzii mtoto kitu, na kwamba siku ya arubaini itakuwa imechelewa.

Mtoto akihitaji kuongezewa damu, kadi ichukuliwe kwanza. Akishawekewa damu ya mtu mwingine, vimeng'enya vya seli nyekundu vitakavyopimwa si vyake.

Joto la Mombasa linaharibu sampuli?

Ndiyo, na swali hili huulizwa mara chache kuliko linavyostahili. Asidi amino huvumilia kiasi, lakini kimeng'enya kinachopimwa kwa galaktosemia, pamoja na vimeng'enya vingine viwili, biotinidesi na G6PD, hudhoofika haraka kwenye joto na unyevu. Karatasi ikikaa siku mbili ndani ya gari la kusafirisha vifurushi Machi au Aprili, mtoto mzima kabisa ataonekana mgonjwa. Hata Marekani majibu ya uongo ya aina hii huongezeka majira ya joto.

Kwa nesi: toboa ubavuni mwa kisigino, si katikati. Acha spiriti ikauke kwanza. Tone kubwa liguse karatasi lenyewe na lipenye hadi upande wa pili, usipake juu ya tone jingine. Laza kadi wazi kivulini kwa muda wa saa tatu au nne, mbali na jua na mbali na feni inayopuliza vumbi. Isifungwe ikiwa mbichi. Ikikauka, iingie kwenye bahasha pamoja na kifuko cha kufyonza unyevu, na itumwe siku hiyo au kesho yake. Mafuta ya nazi na karafuu aliyopakwa mtoto yafutwe vizuri kwenye kisigino.

Tumepigiwa simu kwamba jibu "si la kawaida". Mtoto ana ugonjwa?

Bado haijulikani. Kipimo cha kisigino huchuja tu, na wengi wanaonaswa hutoka wazima kwenye kipimo cha pili. Mtoto njiti, aliyelishwa kwa dripu, au ambaye mama yake ana upungufu wa vitamini B12 anaweza kutoa jibu la kutisha. Hilo la B12 lina faida yake: mama asiyekula nyama wala samaki hugundua shida yake mwenyewe kupitia damu ya mwanawe, na wote wawili hutibiwa kwa sindano.

Hata hivyo nendeni siku ileile mliyoitwa. Magonjwa mengine kwenye orodha hayasubiri Jumatatu.

Mtoto yuko wodini usiku huu na hakuna spektrometa. Nini kinaweza kufanyika hapa hapa?

Kingi kuliko watu wanavyodhani, na tungependa jibu hili lisomwe na madaktari wadogo wa zamu kuliko jingine lolote.

Glukosi ya damu, inayopimwa kitandani. Ketoni kwenye mkojo: mtoto mchanga mwenye ketoni nyingi ni ishara kubwa ya asidemia, na mtoto ambaye sukari imeshuka lakini ketoni hazipo huelekeza kwenye mafuta yasiyovunjwa. Gesi za damu na lakteti, ambazo hospitali kubwa za mji, Hospitali Kuu ya Pwani pale Makadara ikiwa mojawapo, zimezoea kuzitumia kwa wagonjwa mahututi.

Halafu amonia. Hiki ndicho kipimo kinachosahauliwa, na ndicho kinachoharibika kwa urahisi. Damu itoke yenyewe bila mkono kukazwa kwa muda mrefu, iwekwe mara moja kwenye barafu, na ifike maabara ndani ya dakika 15 au 30. Ikikaa juu ya meza hutengeneza amonia yenyewe, na namba huwa haina maana. Kwa mtoto mchanga, kiwango kinachopita mikromoli 150 kwa lita kinahitaji maelezo, na kikipita 200 jambo ni la dharura. Fundi wa maabara apigiwe simu kabla damu haijatolewa, asishtukizwe.

Kwa galaktosemia kuna hila ya kizamani. Stiki ya kawaida ya mkojo huona glukosi peke yake. Kipimo cha Benedict, kile cha maabara ya sekondari, huona sukari nyingine pia. Mtoto mwenye manjano na ini lililovimba, anayenyonya, ambaye stiki yake ni safi lakini Benedict inabadilika rangi, maziwa yasimamishwe mpaka ukweli ujulikane. Kipimo hiki hukosea pande zote mbili, kwa hiyo kisiachwe kiwe neno la mwisho.

Wakati majibu yanangojwa, daktari husimamisha protini kwa muda mfupi, kwa kawaida isizidi saa 24 hadi 48, na kumpa mtoto glukosi ya asilimia 10 kwenye mshipa ili mwili usijile wenyewe. Na kadi moja ya damu pamoja na mkojo kidogo vihifadhiwe kwenye friza kabla ya matibabu kubadilisha picha. Karatasi hiyo ya bei ndogo imewahi kuwa ushahidi pekee uliobaki.

Mwanangu aliambiwa ana mtindio wa ubongo. Inawezekana ni haya?

Inawezekana, hasa ikiwa alizaliwa bila shida, akakua vizuri, kisha baada ya homa au kuhara akiwa baina ya miezi 3 na miaka 3 akapoteza alichokuwa amejifunza na viungo vikaanza kujipinda. Asidemia ya glutariki ya aina ya kwanza hufanya hivyo. Wengi wa watoto hao huwa na kichwa kikubwa tangu uchanga.

Ugonjwa huu una historia ya Kiafrika. Watafiti wa Afrika Kusini walieleza mwaka 2010 badiliko moja la jeni linaloonekana mno kwa wagonjwa weusi wa huko, na wakakadiria kwamba mtu mmoja kati ya 36 katika jamii hiyo ni mbebaji, yaani ana nakala moja mbovu ya jeni ila mwenyewe ni mzima. Galaktosemia nayo, kwa watu weusi wa Afrika Kusini na wa Marekani, mara nyingi hutokana na badiliko liitwalo S135L, ambalo huacha kimeng'enya kidogo kikifanya kazi kwenye ini ingawa kwenye damu hakionekani. Mtoto huugua polepole zaidi kuliko vitabu vya Ulaya vinavyosema, na daktari aliyesoma vitabu hivyo tu anaweza kumpita. Pwani yetu ina damu ya Kibantu, Kiarabu, Kihindi, Kibaluchi, Kisomali. Orodha yetu ya magonjwa, siku ikiandikwa, haitafanana na ya mtu.

Kwa nini tusipime jeni zote tu, mambo yaishe?

Kusoma jenomu nzima, yaani maandishi yote ya jeni za mtu, kumekuwa kwa haraka ajabu. Kikundi cha Stephen Kingsmore huko San Diego kilitangaza mwaka 2021 kwamba kilipata jibu la mtoto mgonjwa ndani ya saa 13 na nusu. Uingereza imeanza utafiti unaokusudia kusoma jenomu za watoto wachanga 100,000.

Ila jenomu hueleza maandishi, na maandishi yanahitaji msomaji. Hifadhi za jeni za dunia zimejaa watu wenye asili ya Ulaya, hivyo mtoto wa Kisauni akisomwa hutoa mabadiliko mengi yanayoandikwa "maana haijulikani", na wazazi hubaki na karatasi inayowanyima usingizi bila kuwapa dawa. Damu ya kisigino huonyesha sumu iliyopo leo. Kwa sasa tunapendelea kipimo cha kemia kwanza, jeni baadaye ili kuthibitisha, na jeni kwanza kwa mtoto aliye mahututi ambaye kemia imeshindwa kumwelezea.

Tumeoana, mimi na mwana wa ami yangu. Tumekosea?

Hamjakosea, na usimruhusu mtu akuaibishe wodini. Mengi ya magonjwa haya hujitokeza mtoto anaporithi nakala mbovu mbili za jeni moja, moja ya baba na moja ya mama. Wazazi ni wabebaji, wenyewe ni wazima, na katika kila mimba uwezekano wa mtoto kuugua ni robo. Kila binadamu hubeba jeni kadhaa za aina hiyo. Wasio na nasaba wana bahati ya kubeba tofauti. Mabinamu wa kwanza wanashiriki sehemu moja ya nane ya jeni zao, kwa hiyo ni rahisi zaidi kubeba ileile.

Utafiti wa Bradford, Uingereza, uliochapishwa mwaka 2013, ulionyesha kwamba uwezekano wa mtoto kuzaliwa na kasoro hupanda kutoka takriban asilimia 3 hadi 6 wazazi wakiwa mabinamu. Umeongezeka maradufu, ndiyo. Vilevile watoto 94 kati ya 100 hawana kasoro hiyo. Hesabu zote mbili zisemwe pamoja, kwani shangazi mmoja huchukua ya kwanza na mwingine ya pili, na harusi huvunjika au hufungwa kwa nusu ya habari.

Linalobadilisha hesabu kabisa ni mtoto aliyewahi kufa au kulemaa katika ukoo bila sababu kujulikana. Hapo onaneni na daktari kabla ya mimba.

Ni mama pekee anayelaumiwa. Ni haki?

Si haki. Kwa magonjwa mengi, nakala moja imetoka kwa baba.

Yapo machache yanayopitia kromosomu ya X ya mama, na moja lazima tulitaje: upungufu wa kimeng'enya cha OTC, unaopandisha amonia. Mvulana huugua vibaya siku za kwanza. Mama mbebaji huonekana mzima, lakini siku chache baada ya kujifungua amonia yake mwenyewe inaweza kupanda, akachanganyikiwa, akazungumza ovyo, akalala fofofo. Atasemwa ana jini au ana wazimu wa uzazi. Apimwe amonia.

G6PD na selimundu nazo zimo?

Upungufu wa G6PD ni wa kimeng'enya na ni wa kurithi, na Pwani umeenea kwa sababu ya malaria, kama selimundu. Mwenye nao atahadhari na primakwini, dawa ya malaria, na nafthalini ya kutunzia nguo, hasa kwa kichanga mwenye manjano. Selimundu ni ya himoglobini, lakini kadi ileile hutosha kuipima. Kwa Mombasa tungeanzia hapo: ugonjwa wenye wagonjwa wengi na tiba rahisi ndio utakaolipa nauli ya kadi, na yale nadra yapande gari hilohilo.

Maziwa ya mama yanaweza kumdhuru mtoto?

Kwa galaktosemia halisi, ndiyo, kwa sababu laktosi ya maziwa hugeuka kuwa sumu ya ini na kuleta mtoto wa jicho. Hupewa maziwa ya kopo ya soya. Ila hao ni wachache mno, na mama asiachishe kwa kusikia tu. Magonjwa mengi mengine hutibiwa huku kunyonyesha kukiendelea kwa kipimo.

Kuhusu asali: asipewe mtoto wa chini ya mwaka kwa sababu ya sumu ya botulizimu. Zaidi ya hapo, wapo wasioweza kuvunja fruktosi, iliyojaa kwenye asali, tende na juisi. Hao hutapika na kulegea wanapoanza kulikizwa, na wakikua hukataa halua na vitamu vyote. Ikiwa nyumba ina historia hiyo, mwenye kumpaka mtoto tende kaakaani aambiwe mapema.

Kijana wetu ana ugonjwa wa mafuta. Afunge Ramadhani?

Kwa mwenye upungufu wa MCAD, kimeng'enya cha kuvunja mafuta, na magonjwa yanayofanana nao, kukaa muda mrefu bila kula ndiko kunakomshusha sukari na kuweza kumuua. Vivyo hivyo kwa wenye matatizo ya amonia na ya hifadhi ya glukojeni, sukari ya akiba mwilini. Sura ya al-Baqara, aya ya 184 na 185, imempa mgonjwa ruhusa wazi. Tatizo kwa kawaida ni aibu ya kijana mbele ya wenzake, na maneno ya imamu anayemjua humfikia kuliko ya daktari. Nendeni kwake pamoja, na barua ya hospitali.

Kuna tiba, au ni kujua tu?

Inategemea, na tofauti ni kubwa sana. Upungufu wa biotinidesi hutibiwa kwa vidonge vya biotini, vitamini isiyo ghali, na mtoto huishi kama wengine. Wenye MCAD wanahitaji zaidi kutokaa na njaa na kuwahi dripu ya glukosi wakiumwa. Wenye tatizo la glukojeni hupewa unga mbichi wa mahindi uliosafishwa, wanga ule wa dukani, uliokorogwa bila kupikwa. Njia hiyo ilielezwa mwaka 1984. Amonia hushushwa kwa sodiamu benzoeti na ajinini. Vyakula maalumu visivyo na asidi amino fulani ndivyo vigumu kwetu: ni ghali, huagizwa nje, na bima haijavizoea. Kabla ya kuahidi familia kipimo, ulizeni chakula hicho kitatoka wapi.

Mwaka 2025 madaktari wa Philadelphia, Rebecca Ahrens-Nicklas na Kiran Musunuru na wenzao, walimtibu mtoto mchanga mwenye upungufu wa CPS1, kimeng'enya cha kuondoa amonia, kwa kurekebisha herufi moja ya jeni yake ndani ya ini, dawa iliyotengenezwa kwa ajili yake peke yake kwa takriban miezi sita. Ni habari njema kweli. Lakini mtoto huyo alifika kwenye sindano kwa sababu amonia yake ilipimwa mapema mno.

Mtoto wetu alifariki bila jibu, na sasa nina mimba. Nifanye nini?

Pole, mama. Kwanza, tafuteni kama kuna chochote kilichobaki: kadi ya damu, sampuli ya maabara, hata faili lenye namba za amonia na gesi za damu. DNA hudumu kwenye damu iliyokauka kwa miaka. Kama hakuna, wewe na baba mnaweza kupimwa kama ni wabebaji. Badiliko la ukoo likijulikana, ujauzito unaweza kupimwa kwa sampuli ya kondo kuanzia wiki ya 11 au maji ya uzazi kuanzia wiki ya 15, kazi ya daktari bingwa. Wazazi wengi tunaowajua hutumia jibu hilo kupanga mahali pa kujifungulia, basi.

Badiliko lisipojulikana, pangeni hivi. Jifungulie hospitali yenye wodi ya watoto wachanga na maabara inayopima amonia, hata kama ni kuvuka feri wiki moja kabla na kukaa kwa jamaa. Mwombe daktari wa watoto aandike barua moja fupi: mtoto aliyetangulia alikufa siku ya ngapi, alionyesha dalili gani, na huyu apimwe nini. Iwe ndani ya kijitabu, na nakala kwenye simu ya mumeo. Mtoto asiruhusiwe kwenda nyumbani kabla ya siku ya nne au ya tano. Amonia na gesi za damu zipimwe akifika saa 24 na tena saa 48, hata akiwa ananyonya vizuri, na kadi ya kisigino itumwe siku ya pili ikiwa na maneno "ndugu alifariki" yaliyoandikwa kwa herufi kubwa.